Mtoto Mchanga Mbele ya Spika

Mtoto anayezaliwa katika nyumba ya Waislamu wa Mji wa Kale, Mombasa, hupokewa kwa sauti. Baba, babu au mjomba humpakata, akaadhini polepole kwenye sikio lake la kulia, kisha akakimu kwenye la kushoto. Hakuna anayepaza sauti sikioni mwa kiumbe wa siku moja. Baada ya hapo huja arubaini, zile siku ambazo mzazi na mwanawe hawatoki. Mama hukandwa na kuogeshwa maji ya moto, mtoto hupakwa wanja, siku ya saba hunyolewa nywele na kufanyiwa akika, na wageni wanaoingia kumwona hujua kwamba chumbani humo watu husemezana kwa sauti ya chini.

Arubaini zikitimia, mlango hufunguka. Kwa kuwa harusi za Mombasa haziishi, si ajabu mkusanyiko mkubwa wa kwanza anaopelekwa mtoto huyo ukawa wa muziki. Usiku wa wanawake, uwanja huzungushiwa maturubai, mikeka na viti hupangwa, mabuibui huvuliwa, na wapigaji ala, ambao huenda ndio wanaume pekee walioruhusiwa kuingia, hujipanga jukwaani. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu hawezi kubaki nyumbani ilhali bi harusi ni binti ya mamake mdogo. Humfunga mwanawe kwa leso, akaja naye. Kufika pale, kitoto hupita mikononi mwa shangazi, mamkubwa na bibi, ili mamake naye apate kuinuka, acheze kidogo na kumtunza mwimbaji.

Kwa hivyo swali linalowasumbua wazazi wengi wa Ulaya na Marekani, kama ni halali kumpeleka mtoto mchanga kwenye muziki wa wazi, hapa pwani lilishajibiwa zamani. Mtoto ni wa watu, na mahali palipo na watu ndipo pake. Jibu hilo ni jema na halifai kuachwa. Lakini lilitolewa wakati ambapo muziki ulitoka kwenye mikono na mapafu ya binadamu. Leo unatoka kwenye spika zilizorundikwa hadi zikampita mtu urefu, na masikio ya mtoto hayakubadilika.

Kisiwa cha Mombasa kimepitia muziki wa kila namna. Bendi za beni, na ngoma zake kubwa na matarumbeta, zilianza kutamba pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Katikati ya karne ya 20 vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama, hasa Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana mjini kwa mavazi, nyimbo na vijembe. Ikaja taarab ya Zein l'Abdin na udi wake, ya Juma Bhalo na mahadhi yake ya filamu za Kihindi, ya Malika, ya Zuhura Swaleh na ya Maulidi Juma. Gitaa la umeme nalo lilipata wenyewe: Them Mushrooms, bendi iliyochipukia Mombasa na kutoa “Jambo Bwana” mwaka 1982, na Mzee Joseph Ngala aliyeutandaza muziki wa bango kwa saksofoni yake. Roki nayo ina wapenzi wake, ingawa wengi zaidi wako Nairobi kuliko kisiwani. Hilo halina uzito hapa, maana spika inayobeba roki ndiyo hiyo hiyo inayobeba taarab, rege, bango na bongo fleva, na sikio halitofautishi.

Wala isidhaniwe kwamba ala za zamani zilikuwa za upole. Nzumari ikipulizwa karibu na uso wa mtu huuma sikio, na matari ya zefe yakipigwa katika kichochoro hutikisa vifua. Tofauti ni kwamba mpiga ngoma huchoka mkono, mpuliza nzumari huishiwa pumzi, na zefe hupita ikaenda zake. Spika haichoki. Inaweza kupiga kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri kwa nguvu ile ile, na aliyelazwa mbele yake hana pumziko.

Uwanja unaozungumzwa zaidi siku hizi ni Mama Ngina Waterfront, ile bustani ndefu ya ufukweni upande wa Kizingo inayotazama mlango wa bahari wa Likoni. Baada ya kukarabatiwa ilipokea sherehe za kitaifa za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2019, na tangu hapo imekuwa makao ya matamasha makubwa, yenye ukumbi wa wazi wa ngazi na nafasi ya maelfu ya watu. Familia zilikuwa zikienda pale jioni miaka mingi kabla ya ukarabati huo, kula kachri za muhogo, kunywa madafu na kuketi chini ya mibuyu. Siku ya tamasha familia hizo hizo huja na watoto wao. Wengine hata hawakuja kwa ajili ya muziki; walikuja kupunga upepo, wakaukuta umeanza.

Ni vizuri kujua kinachotokea ndani ya sikio la mtoto wakati huo. Sauti huingia kwenye tundu, hupiga kiwambo, hupita kwenye vijifupa vitatu vidogo na kufika kwenye koklea, kifuko chenye majimaji kilichojipinda kama kombe la konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za ubongo. Binadamu huzaliwa na chembe hizo zote. Zikifa hazioti tena, si kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Kelele kubwa huzikunja, nyingine huinuka baada ya saa kadhaa, nyingine haziinuki kabisa.

Mtoto mchanga ana shida ya ziada. Tundu la sikio lake ni fupi na jembamba, na kwa sababu hiyo sauti nyembamba, kama za matuazi, filimbi na kelele za maikrofoni inayolia, hufika kwenye kiwambo chake zikiwa na nguvu zaidi kuliko zinavyofika kwenye kiwambo cha mamake aliyempakata. Wawili hao wameketi kiti kimoja lakini hawasikii muziki mmoja. Zaidi ya hayo, mtu mzima akitoka tamashani masikio yakivuma hujua kwamba yameumia, akasogea mbali siku nyingine. Mtoto hana maneno ya kueleza mvumo huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kipimo kinachosaidia. Kwa mtu mzima, kiasi kisicho na hatari ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa mtoto, kipimo ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Tofauti ya desibeli tano huonekana ndogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila zinapoongezeka tatu, nguvu ya sauti huongezeka maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Ukifuata hesabu hiyo hadi desibeli 100, ambacho ni kiwango cha kawaida karibu na jukwaa la tamasha, mtu mzima humaliza fungu lake la juma zima kwa dakika 24 hivi. Mtoto hulimaliza kwa dakika saba na kidogo. Wimbo mmoja wa taarab, kwa urefu wake na viitikio vyake, unaweza kuzipita dakika hizo.

Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha likitaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15. Mwongozo huo uliwekwa kwa ajili ya watu wazima na vijana. Kwa mtoto wa miezi minne, hata tamasha linaloufuata kikamilifu bado lina sauti kubwa mno. Kwa kulinganisha, madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba wodi za watoto njiti zisipite desibeli 45.

Habari njema ni kwamba umbali una nguvu. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli sita. Spika inayotoa desibeli 100 ukiwa mita nne mbele yake itakuwa karibu 94 ukiwa mita nane, 88 ukiwa mita 16, 82 ukiwa mita 32 na 76 ukiwa mita 64. Hapo kwenye mita 64 mtoto anaweza kukaa jioni nzima bila madhara ya masikio, na muziki bado unasikika vizuri kabisa. Pale Mama Ngina, hiyo ina maana ya kutandika mkeka nyuma, penye mibuyu na wachuuzi, badala ya kusukumana mbele. Matamasha makubwa yana spika nyingi zinazosaidiana, kwa hiyo ni busara kuongeza umbali zaidi. Upepo nao huhesabika: anayeketi upande unakoelekea upepo huletewa sauti, na aliye upande unakotoka hupunguziwa.

Mji wa Kale hauna fadhila hiyo. Vichochoro vya Kibokoni na vile vinavyoteremka kutoka Ndia Kuu kuelekea baharini vimebanwa na kuta nene za mawe ya matumbawe, ndefu kwenda juu, na sauti ikiingia humo hugonga ukuta huu ikarudishwa na ule. Mtu husogea mita 30 akidhani amekimbia, akakuta kelele imemfuata. Harusi inayopigwa kwenye kijiwanja kilichozungukwa na majumba inaweza kuwa na kelele kuliko tamasha la Mama Ngina lenye spika kubwa zaidi, kwa sababu tu sauti haina pa kutokea. Lakini kuta hizo hizo ndizo msaada. Nyumba ya jirani, chumba cha ndani kisicho na dirisha upande wa uwanja, hukata sauti nyembamba na ya kati kwa kiasi kikubwa. Besi ndiyo sugu. Hupenya kuta na kuzunguka pembe. Bibi anayesema mtoto akalazwe ndani kwa fulani, mlango wa pili, anatoa ushauri ambao daktari wa masikio angeutia saini.

Kuna hoja ambayo husikika kila mara mtu anapoonyesha wasiwasi: mbona mtoto mwenyewe amelala? Kweli, watoto wengi hulala mbele ya spika, na usingizi huo huwafariji wazazi. Lakini sikio halina kope. Mtoto aliyelala anaendelea kupokea kila desibeli, na mara nyingi mtoto mchanga aliyezidiwa na mwanga, watu na kelele hujifunga kwa kulala, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee aliyonayo ya kuondoka mahali. Mwingine hulia bila kukoma, au hugeuza uso na kukakamaa mikono. Huyo aliyelia angalau amesikilizwa.

Vipi basi kuhusu kinga? Pamba inayochomekwa sikioni, ambayo wengi huitegemea, hupunguza kidogo tu, na kipande chake kikitoka huishia mdomoni mwa mtoto. Vizibo vya sponji wanavyovaa watu wazima havimfai mtoto mchanga kabisa: tundu lake ni dogo, na akitoa kimoja anaweza kukimeza kikamkaba. Kinachofaa ni vile vifuniko vya masikio vinavyofunika sikio lote kwa nje, vyenye utepe laini wa kuzunguka kichwa cha mtoto badala ya chuma kinachobana. Vikikaa sawasawa hupunguza sauti kwa desibeli 20 au zaidi, ingawa besi huizuia kidogo kuliko sauti nyingine. Mamilioni ya watu waliviona vifuniko hivyo kwa mara ya kwanza mwezi Februari 2010, pale Drew Brees, nahodha wa timu ya futiboli ya Marekani ya New Orleans Saints, aliposhinda fainali ya Super Bowl na kumbeba mwanawe wa mwaka mmoja uwanjani katikati ya shangwe, mtoto akiwa amevaa vifuniko vikubwa masikioni. Picha ile ilisambaa duniani kote, na wazazi wengi wakajua kumbe kifaa hicho kipo. Kwenye joto la Mombasa mtoto huvivumilia kwa muda mfupi tu, jasho likimtoka. Kwa hiyo vinafaa kwa dakika za kupita karibu na jukwaa, au kwa kumwona bi harusi akiingia, huku umbali ukibaki kuwa kinga kuu.

Kupima sauti hakuhitaji mtaalamu. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha desibeli, na hata zile zisizo sahihi sana hutoa picha ya kutosha kuchagua mahali pa kuketi. Asiye na programu atumie mdomo wake: ikiwa anayeketi umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upaze sauti, kelele imefika karibu desibeli 85, na hapo si mahali pa mtoto.

Masikio si yote. Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma, joto la mchana kisiwani hupita nyuzi 30 na unyevu haupungui hata usiku. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mbeleko katikati ya umati hupata joto la mamake juu ya lake, na mama haoni uso wake. Kwenye msongamano ni heri abebwe kifuani, uso ukionekana, pua ikiwa huru. Anyonyeshwe mara nyingi kuliko kawaida. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji, wala lile dafu ambalo kila mtu mwenye upendo atataka kumwonjesha. Maziwa ya mama yanamtosha hata wakati wa joto. Na mbu wasisahauliwe. Mombasa ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2013 na tena 2017, kisha chikungunya kuanzia mwisho wa 2017, na mbu wanaoeneza magonjwa hayo huuma hata mchana, kabla wale wa malaria hawajaanza zamu yao ya usiku. Kipande cha chandarua juu ya kikapu au kigari cha mtoto kinafaa kuliko dawa za kupaka, na zile zenye DEET hazipaswi kutumiwa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili.

Mzazi mmoja na leso yake hawezi kutatua kila kitu, na hapa ndipo waandaaji wanapopaswa kujitokeza. Chicago, tamasha la roki la Lollapalooza lilifungua sehemu ya watoto, Kidzapalooza, mwaka 2005, yenye jukwaa lake dogo. Uingereza, tamasha la Camp Bestival lilianzishwa mwaka 2008 likiwa limekusudiwa familia tangu mwanzo. Karibu zaidi na nyumbani, Sauti za Busara, inayofanyika Zanzibar tangu 2004 na yenye makao yake ndani ya Ngome Kongwe, huanza kwa gwaride la mitaani la mchana, ambalo mtoto anaweza kulitazama kutoka barazani akiwa mikononi mwa bibi yake, likapita na kwenda. Matembezi ya Mombasa Carnival, kila yanapofanyika, yana umbo hilo hilo la kumfaa mtoto: muziki unaotembea, mchana, kwenye barabara pana.

Kenya haikosi sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), zinaweka kiwango cha desibeli 50 nje ya nyumba katika mitaa ya makazi mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku. Muziki wa kupita hapo unahitaji kibali. Katika Mji wa Kale, ambapo harusi ni ya mtaa mzima, hakuna anayetaka kumshtaki jirani kwa furaha yake, na pengine ndivyo inavyopasa kuwa. Lakini kati ya kushtaki na kunyamaza kuna nafasi ya maombi ya kawaida kabisa: spika zigeuzwe zisielekee mikeka ya wazazi, kona moja ya nyuma itengwe kwa ajili ya wenye watoto, na nyimbo za mwanzo zipigwe kwa sauti ya wastani kabla ya saa nne, wakati watoto bado wako. Mwenye mitambo huweza kufanya yote hayo kwa kusogeza kitufe na kuhamisha nguzo moja, tena bila malipo ya ziada.

Kwa mzazi ambaye tayari ameketi karibu na spika usiku mmoja au miwili, hakuna sababu ya hofu kubwa, ila ipo sababu ya kuangalia. Mtoto mchanga hushtuka kwa kelele ya ghafla. Akikaribia miezi sita hugeuza kichwa kutafuta sauti inakotoka, na baadaye huanza kubwabwaja ba-ba na da-da, akiiga anachosikia. Asiyefanya hivyo apelekwe hospitali kupimwa masikio bila kusubiri, kwa kuwa matatizo ya usikivu yana sababu nyingi mbali na kelele, na yakigunduliwa mapema husaidiwa vyema zaidi. Nafasi nzuri ya kuuliza ipo tayari katika kalenda ya kliniki: kila mtoto nchini hutakiwa kurudi akiwa na miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubella. Siku hiyo, kabla ya sindano, mama anaweza kumwomba muuguzi asimame nyuma ya mtoto, nje ya macho yake, na kumwita jina kwa sauti ya chini.